Kitambaa cha Altare ya Kwasemboko

Mzee Fanueli alifukuzwa nyumbani kwake akiwa na miaka sabini, na aliyemfukuza, kwa mujibu wa Kamati ya Kigango cha Kwasemboko, ni Roho Mtakatifu. Roho alishuka siku ya Jumanne, baada ya chai na maandazi. Akapita juu ya vichwa vya wajumbe wote asione pa kutua, mpaka akamfikia Mwenyekiti Innocent. Mwenyekiti akafuta mdomo, akasema kwamba haifai wala haipendezi, bwana harusi na bibi harusi kulala chini ya paa moja kabla ya siku ya ndoa.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa Benedikta, bibi wa wajukuu saba. Paa lenyewe Fanueli alilipiga misumari mwenyewe, mwaka ambao mti wa mchungwa ulioko uani leo ulikuwa bado mbegu mdomoni mwa mtu.

"Aondoke," alisema Mwenyekiti. "Ajitakase mpaka Pentekoste, ndipo Padre awafungishe."

"Aende wapi, Mwenyekiti?" aliuliza katekista Asheri.

"Yusufu na Maria walipata zizi. Na yeye atapata."

Wajumbe wakacheka, wakapitisha. Aliyebaki na andazi akalimalizia.

Watu wa mbali husikia habari hii wakadhani Fanueli na Benedikta walikuwa wahuni walioiona nuru uzeeni. Si kweli. Kilichowazuia kufunga ndoa ni dini kuzidi. Fanueli ni Mshambaa wa milimani, Mlutheri tangu kwa babu. Benedikta ni binti wa manamba aliyeletwa kutoka Songea kukata mkonge, Mkatoliki wa kubatizwa na kupakwa. Walipopendana, miaka ya themanini, mchungaji wa huko juu alisema: msichana aje kwetu. Padre wa huku chini alisema: kijana aje kwetu. Wakavutwa kama singa za mkonge mashineni, kila upande ukidai roho nzima, wala hakuna upande uliouliza watalala wapi. Mwisho wazee wakala mbuzi wa mahari, wakajifuta mikono, vijana wakaanza maisha.

Hapo hukumu ikashuka. Benedikta aruhusiwe kusali, asiruhusiwe kukomunika. Watoto wake walibatizwa siku ya Jumatano ili wasichanganyike na watoto wa Jumapili. Kwa miaka arobaini, kengele ndogo ilipolia na watu wakapanga mstari kwenda kupokea mwili wa Bwana, yeye alibaki kwenye benchi la nyuma, lile lenye mguu mmoja mbovu, akainamisha kichwa kama mtu aliyepotelewa na sindano.

Lakini kanisa hilohilo, lililoona mdomo wake haufai, liliona mikono yake inafaa sana. Kanzu za mapadre watano waliopita pale amezifua yeye. Sakafu amepiga deki yeye. Na kitambaa cha altare kilikuwa chake. Baba yake alikuwa amemnunulia lesi nyeupe ya gauni la harusi, dukani kwa mzee Kassamali pale Muheza. Harusi ilipokufa, Benedikta hakulia. Alikata lesi ile, akaipinda, akaitandika juu ya meza ya Bwana, na kila Jumamosi akaifua, akaipiga pasi ya mkaa, akaitandika tena.

Sasa moyo wake ulikuwa umetanuka. Daktari alimwambia hivyo, na hata asingemwambia, Fanueli alikuwa anausikia usiku ukigonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Ndiyo maana safari hii, Askofu alipoombwa ruhusa ya Mkatoliki kuolewa na Mlutheri, Benedikta alikubali kila sharti. Alitaka kitu kimoja tu duniani: akomunike kabla hajafa. "Baba Brightness," alimwambia mumewe siku ile Kamati ilipomfukuza, akimkunjia mashati mawili kwenye mfuko wa nailoni, "nenda. Nivumilie. Ni mpaka Pentekoste tu."

Fanueli hakuwa mtu wa kunyamaza. Lakini alimtazama mkewe akipumzika katikati ya shati la kwanza na la pili, akauchukua mfuko, akaenda.

Alikwenda Muheza, kwenye stoo ya viungo ya Taizoon, mjukuu wa Kassamali, ambako alikuwa mlinzi wa miaka mingi. Alfajiri Taizoon alimkuta amejilaza juu ya magunia ya mdalasini ulioshuka kutoka Amani.

"Shikamoo, Mzee Fanu. Mmegombana na mama?"

"Marahaba. Hatujagombana. Niko katika uchumba."

"Uchumba na nani?"

"Na mke wangu."

Taizoon akaweka kikombe chini. Mama yake, Rehmatbai, aliyekuwa akichambua iliki kwenye sinia, akainua miwani.

"Hebu nieleze vizuri, maana mimi ni mtu mzima," alisema. "Kwetu ndoa inafungwa, watu wanakula wali, wanakwenda kulala. Nyinyi mmelala miaka arobaini, sasa ndiyo mnaambiwa msilale?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu wenu anakumbuka kwa kuchelewa."

"Mungu hana neno, mama. Ni Kamati."

Basi babu wa watu akaanza kuposa upya. Jumapili mchana aliruhusiwa kumtembelea mchumba wake, barazani, mlango wazi, mbele ya shahidi. Shahidi alikuwa Imakulata, mama wa jumuiya, mwanamke wa kwanza kujua nani ana mimba na wa mwisho kusahau. Imakulata alikaa katikati yao akisuka ukili, akihesabu hata pumzi.

"Unanukia mdalasini," Benedikta alimwambia Fanueli siku moja.

"Hayo maneno ya mapenzi," alisema Imakulata. "Zungumzeni habari za Mungu."

"Mdalasini umo katika Biblia," alisema Fanueli.

Imakulata akasuka mpaka jua likazama. Alipofika kwake akaitafuta Biblia, akaukuta mdalasini, akakasirika zaidi.

Na huyu Mwenyekiti Innocent, mlinzi wa vitanda vya watu? Huyo alikuwa na cheti. Alifunga ndoa na Lea kanisani, kwa kengele, na picha ipo ukutani. Kila mwisho wa juma la pili gari lake lilishika njia ya Pangani, kwenda kukagua minazi yake huko Mwera. Watu wa Kwasemboko walijua kwamba minazi haihitaji kukaguliwa usiku, wala mnazi hauzai watoto wawili wenye masikio ya Mwenyekiti. Walijua, wakanyamaza, kwa kuwa ndiye aliyetoa bati la kanisa. Jumapili alipiga magoti mbele kabisa, akafumba macho, akatoa ulimi. Bati linafunika mengi.

Matangazo ya ndoa yakasomwa mara ya kwanza, yakapita. Mara ya pili, yakapita. Imebaki moja. Masika nayo ikaja kwa hasira mwaka huo, na Jumamosi ya kuamkia tangazo la tatu upepo ukang'oa bati la jikoni kwa Benedikta. Mtoto wa jirani alipoleta habari Muheza, Fanueli alikuwa hajamaliza kumsikiliza, tayari ana nyundo mkononi.

Alipanda juu ya jiko mvua ikinyesha. Alipiga misumari huku maji yakimwingilia kwenye kola na kutokea kwenye suruali. Aliposhuka alikuwa anatetemeka meno.

"Vua hizo nguo, utapata kichomi," alisema Benedikta.

"Roho Mtakatifu je?"

"Yeye hana kichomi. Vua."

Akampa kanga. Suruali ikaanikwa juu ya moto. Wakakaa kila mmoja na kigoda chake, wanakunywa uji. Fanueli alisema baadaye kwamba katika maisha yake yote hajawahi kukaa kitakatifu namna ile.

"Hodi!" Mwavuli ukaingia, na nyuma ya mwavuli Imakulata. Akamwona bwana harusi amejifunga kanga kifuani, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Mama yangu! Baba Brightness, uko uchi?"

"Niko na kanga."

"Na suruali?"

"Ile pale, inaota moto."

"Mnafanya nini?"

"Tunakunywa uji."

"Kwa kanga?"

"Uji hauna sare, mama. Karibu."

Imakulata hakukaribia. Aligeuka na mwavuli wake, na kwa kasi aliyoondoka nayo, matope yalimpisha.

Asubuhi yake Taizoon alimpeleka Fanueli kanisani kwa pikapu yake, kwa kuwa barabara ilikuwa uji mtupu. Pale Kwasemboko matangazo husomwa kabla ya Misa, maana watu wakishakomunika huondoka mbio kuwahi chai. Fanueli alisimama mlangoni kama kawaida yake. Mlutheri wa watu, miaka yote husindikiza mkewe mpaka kizingitini na kumsubiri hapohapo. Taizoon akasimama karibu naye akichungulia.

Katekista Asheri akasoma: "Kwa mara ya tatu na ya mwisho, ndoa kati ya Fanueli na Benedikta. Mwenye kujua kizuizi, aseme."

Mwenyekiti Innocent akasimama polepole, kama mtu anayeumizwa na ukweli.

"Padre, inaniuma. Jana, mchana kweupe, bwana harusi ameonekana nyumbani kwa bibi harusi. Amevaa kanga."

Kwaya nzima ikashika midomo.

"Kanga ya bibi harusi," aliongeza, asije akaeleweka vibaya. "Utakaso umevunjwa. Tukiwaachia hawa, vijana wetu watajifunza nini?"

Padre alikuwa kijana, mgeni, mwenye sheria zote kichwani zikiwa mpya kama viatu vya dukani. Alimtazama Mwenyekiti, akalitazama bati, akashusha pumzi. "Itabidi tuahirishe," alisema. "Tutaangalia tena Krismasi."

Neno "Mwera" lilifika mpaka kwenye ulimi wa Fanueli, likakaa pale, lina miguu miwili, liko tayari kuruka. Lakini Benedikta alikuwa amegeuka kwenye benchi lake na kumtazama, akatikisa kichwa kidogo. Fanueli akalimeza.

Benedikta akainuka mwenyewe.

"Padre, Krismasi mimi sitafika."

"Mungu ni mwema, mama."

"Mungu najua ni mwema. Nauliza ninyi."

Akatembea mpaka mbele, akishika benchi hili na hili. Watu walidhani anakwenda kupiga magoti aombe msamaha, na Mwenyekiti akaanza kupanga uso wa kusamehe. Benedikta akapita magoti ya wote. Akafika kwenye altare, akaondoa mishumaa, akaiweka chini. Akashika kitambaa kwa ncha mbili, akakikunja mara moja, mara mbili, taratibu, kama afanyavyo kila Jumamosi, akakiweka kifuani.

"Mama, hiyo ni mali ya Kanisa," alisema Padre.

"Ni gauni langu la harusi, Padre. Nilimtandikia Mungu mezani, nikidhani nami nitakaribishwa kula. Miaka arobaini naandaa meza. Sasa nimechoka."

Akateremka. Mlangoni pumzi zikamwishia, Fanueli akamdaka, akamketisha kwenye ngazi, kitambaa mapajani.

Ndani watu walikuwa wanaangalia mbele kwa macho ambayo hawajawahi kuyatumia kanisani. Kwa mara ya kwanza waliiona meza yao tupu. Ilikuwa ya mninga, imejaa alama za duara za chupa na bilauri, na ubavuni ina herufi nyekundu za Kizungu. Katekista Asheri, kwa kuzoea kusoma kila kilichoandikwa mbele yake, akatafsiri kwa sauti: "Kwa wanachama tu." Ilikuwa meza ya klabu ya mabwana wa shamba, waliyokuwa wakinywea pombe wakati akina baba yake Benedikta wakikata mkonge nje. Mabwana waliondoka, meza ikabaki. Maandishi pia yalibaki, na kumbe yalikuwa yanaendelea kutumika.

"Misa ianze, Padre," alisema Mwenyekiti.

"Haianzi. Altare bila kitambaa cheupe, hakuna Misa. Ndiyo sheria."

Sheria ilipogeuka na kuwauma wenyewe, watu wakaanza kuhangaika. Mmoja akatoa leso, ikaonekana ndogo na ina kamasi. Mama mmoja akavua kanga yake ya juu, ikasomwa, ikarudishwa haraka. Jua linapanda, chai inapoa nyumbani. Ndipo Mwenyekiti, kwa bidii ya kuliokoa kanisa, na, wasemavyo watu wa Kwasemboko, kwa mara ya kwanza akiongozwa kweli na Roho, akasema kwa sauti:

"Asheri! Chukua ufunguo. Kwenye buti la gari langu kuna shuka jeupe. Safi kabisa!"

Asheri akakimbia, akampita Fanueli mlangoni, akarudi na shuka limekunjwa vizuri. Wakalikung'uta mbele ya watu, likajaa hewa, likatua juu ya altare. Na upande unaowaelekea waumini, kwa uzi mwekundu na wa kijani, likaonekana limedariziwa ndege wawili wanaobusiana, na chini yao maneno: KARIBU TENA MPENZI.

Kanisa likasoma kimya. Wasiojua kusoma wakasomewa.

Mama Lea, mke wa Mwenyekiti, alikuwa safu ya mbele ya kwaya. Akatoka kwenye safu, akasogea, akainua ncha ya shuka, akaitazama mishono kama mnunuzi.

"Baba Sikujua," alisema, na hilo halikuwa jina la mtoto wao yeyote, "mimi najua kudarizi?"

"Mama, hapa ni kanisani…"

"Najua ni kanisani. Nimeuliza, mimi najua kudarizi?"

"Hapana."

"Basi uzi huu ni wa minazi gani?"

Kicheko kilianzia kwa vijana, kikapita kwa wazee, kikamfikia Imakulata, ambaye alijitahidi kuwa mtakatifu mpaka machozi yakamtoka. Mama Lea akanyoosha kiganja. Mwenyekiti akadhani anataka kushikwa mkono. Alitaka ufunguo wa gari.

Padre alilivuta shuka lile kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa. Kijana yule, tumpe haki yake, hakuwa mpumbavu. Alikuwa tu amesomeshwa sana. Akatembea kanisa zima mpaka mlangoni, akachuchumaa mbele ya Benedikta, kanzu ikazama kwenye matope ambayo Benedikta ndiye angeyafua.

"Mama, naomba kitambaa."

"Ni cha harusi, mwanangu. Lete harusi."

"Leo?"

"Ruhusa ya Askofu bado?" aliuliza Fanueli.

Padre akatazama chini. "Ilikuja tangu Kwaresima."

"Ilikuja ikakaa wapi?"

"Kamati ilisema tusubiri."

Fanueli alitaka kusema jambo, lakini hata lugha ya Kishambaa, ambayo imejaliwa matusi, haikumpa neno linalotosha.

"Lazima aungame kwanza," alisema Padre. "Na mashahidi wawili."

Benedikta akaungama palepale pembeni mwa ukuta, Fanueli amesogezwa hatua chache. Haikuchukua muda. Padre alirudi ameuma mdomo, na Fanueli akamnong'oneza mkewe, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nimemtamani mwanamume mmoja miaka arobaini. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia yule wa kanga."

Mashahidi wakawa Imakulata, aliyekuja mbio kwa kuwa hakuna mtu aliyeshuhudia mengi kuliko yeye, na Taizoon.

"Mimi si wa dini yenu," alisema Taizoon.

"Sheria haikatazi," alisema Padre, akionekana kushangaa kwamba safari hii sheria iko upande wa watu.

"Basi sawa. Lesi yenyewe aliikata babu yangu."

Wakaingia. Benedikta akatandika kitambaa mwenyewe, akanyoosha pembe, akarudisha mishumaa, akafunika yale maandishi mekundu. Kisha akasimama mbele yake kama mgeni, si kama mfuaji.

"Fanueli, umekuja hapa kwa hiari yako?"

"Nilifukuzwa kwa hiari ya Kamati, Padre. Kurudi, nimerudi kwa hiari yangu."

"Jibu ndiyo."

"Ndiyo."

Ndoa iliyowashinda makanisa mawili kwa miaka arobaini ilifungwa kwa muda ambao mtu hunywa kikombe cha uji. Hapakuwa na aliyegonga mlango kutoka mbinguni kuikataza.

Misa ikaendelea. Fanueli, kwa kuwa sasa ni mume halali lakini Mlutheri vilevile, alikwenda kukaa kwenye benchi la nyuma. Akamkuta Mwenyekiti Innocent ameshakaa pale, peke yake, amejikunja.

"Sogea kidogo, Mwenyekiti. Huo upande una mguu mbovu, utaanguka."

Mwenyekiti akasogea.

Kengele ndogo ikalia. Watu wakainuka, lakini hakuna aliyetoka mbele. Walisimama tu pembeni mwa mabenchi yao, wanasubiri, mpaka Benedikta, aliyekuwa amepumzika karibu na mlango, akatokeza akiwa amejishika ubavu, akapita katikati yao wote. Akafika. Akafungua mdomo. Fanueli alimwona mgongo tu, ule mgongo ulioinama miaka arobaini, akauona ukinyooka kidogo.

Aliporudi hakukaa mbele, ingawa walimpisha. Alikuja kwenye benchi lake la siku zote, akajibana kati ya wale wanaume wawili wasiokomunika, akafumba macho, akatafuna kwa heshima.

Fanueli alingoja mpaka alipomeza. "Ikoje?"

Benedikta alifikiri.

"Nyepesi," alisema. "Nyepesi sana, Baba Brightness. Sasa ilikuwaje watu wazima wote wale wakashindwa kuniinulia?"

Mwenyekiti akajikohoza. Mguu mbovu wa benchi ukalia.